Mto Ruvu na Dungu la Porini

Wasikilizaji, watu wa Morogoro huyajua maji ya Uluguru mahali yanapoanza, lakini ni wachache walioyafuata hata yanapokwisha. Leo na tuufuate mto Ruvu kinyume, kutoka baharini kupanda milimani, kama wageni walivyojaribu zamani.

Mto huu huzaliwa katika misitu ya Uluguru, hupokea maji ya Mgeta na Ngerengere, kisha huingia baharini karibu na Bagamoyo. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliuita Kingani. Mwaka 1875 Stanley aliandika barua kutoka Uganda kwamba Kabaka Mutesa anataka walimu. Mwaka uliofuata misheni ya Kiingereza iitwayo CMS ilituma watu, na mkubwa wao alikuwa Luteni Shergold Smith, mwanamaji. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kwa nini watu wabebe mizigo vichwani, ikiwa mito inatoka huko bara? Basi wakajaribu Wami, kisha Kingani. Yote miwili haikuwafaa. Mto huo hujipinda kama nyoka, hata mwenda kwa chombo hutembea siku nzima na asisogee mbele ila kidogo. Tena wakati wa kiangazi maji hupungua. Mwisho mashua yao, Daisy, ilichukuliwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi hata ziwa Nyanza, ikaungwa tena huko mwaka 1877. Chombo kilichoundwa kuwabeba watu kikabebwa na watu!

Sasa tumtazame mtu apandaye mto wa namna hii kwa mtumbwi. Kwanza huona mikoko kulia na kushoto, halafu matete. Haoni mji wala moshi. Ghafla huona kibanda kimoja juu ya nguzo, kimeezekwa nyasi. Mgeni hudhani ni makao ya mtu aliyewakimbia wenzake, lakini mwenyeji hucheka. Lile ni dungu. Mlinzi hukaa humo usiku afukuze viboko na nguruwe, na mchana afukuze ndege.

Dungu hueleza mambo mengi kwa anayejua kulisoma. Penye dungu pana shamba. Penye shamba pana mwenyewe. Na mwenyewe ana kijiji chake mbali kidogo, mahali pa juu, kwa sababu gharika huchukua nyumba zilizo ukingoni. Atazamaye kutoka majini tu huandika katika kitabu chake kwamba nchi ni tupu. Neno hilo si dogo, maana nchi ikiitwa tupu, mwenye nguvu huona hana wa kumwomba ruhusa.

Huko juu Uluguru ni vivyo hivyo. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Hata konde lililoachwa lipumzike lina mwenyewe. Juu ya mji wa Morogoro iko nyumba ya upweke iitwayo Morningside, iliyojengwa zama za Wajerumani. Apandaye huko hudhani amefika mwisho wa dunia, kumbe njiani amepita katikati ya mashamba ya watu.

Mto ulipokataa kuwa njia, njia ilitafutwa kwingine: reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Lakini Ruvu haukukosa kazi. Mwaka 1959 mtambo wa Ruvu Juu ulianza kupeleka maji Dar es Salaam, na mwaka 1976 ukafuata wa Ruvu Chini. Mto uliokataa kubeba mashua leo hunywesha mji mkubwa.

Basi, msikilizaji, anayekata msitu Uluguru humpunguzia maji mtu asiyemjua, aliye mbali pwani. Naye anywaye maji pwani akumbuke kwamba chemchemi zake hazitoki katika nchi tupu. Wako watu kule, nao hawawezi kulinda msitu kwa ajili ya wengine huku wao wenyewe wakihesabiwa kuwa hawapo.