Lenzi ya jicho inayotumia umeme: Chaji inatoka wapi?

Ukipita kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, Bagamoyo, utaona maji ya bahari yakikaushwa na jua mpaka ibaki chumvi nyeupe. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Machozi yako nayo yana chumvi, kama gramu 9 kwa lita. Kuna watafiti wameitumia chumvi hiyo ya machozi kuchaji betri ya kuvaa jichoni.

Lenzi yenyewe ni ipi?

Ni lenzi laini kama zile za wasiopenda miwani, ila ndani yake kuna kihisio na antena nyembamba. Kazi yake inayoeleweka zaidi ni kufuatilia presha ya macho, yaani glakoma. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi mwanzoni, na uoni ukishapotea haurudi. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta watu kama 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi wana glakoma.

Sasa fikiria mgonjwa anayetoka Bagamoyo kumfuata bingwa wa macho Dar es Salaam, kama kilomita 65. Anapimwa dakika chache mchana, anarudi nyumbani. Lakini presha ya jicho hupanda na kushuka ndani ya saa 24, na kwa wengi hupanda usiku wakiwa wamelala. Lenzi ingeweza kukesha nayo. Shida ni kwamba kukesha kunataka umeme.

Kwa nini isiwe betri ya saa tu?

Ni nene, ngumu na ina kemikali. Konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Oksijeni inaipata hewani kupitia machozi. Ukiifunika na chuma, unaikaba. Halafu kuna joto. Simu ikichemka unaiweka mezani, lenzi je?

Kampuni ya Sensimed ya Uswisi iliikwepa shida hiyo kwa kuiacha betri nje. Lenzi yake, Triggerfish, iliruhusiwa Marekani Machi 2016. Antena inabandikwa kuzunguka jicho, inapeleka umeme kwenye lenzi bila waya, na kifaa unachokivaa mwilini kinarekodi hadi saa 24. Inafanya kazi, ila hutatoka nayo kwenda sokoni bila kuulizwa maswali.

Mojo Vision ya Marekani ilithubutu kuweka betri ndogo ndani ya lenzi yenyewe. Bosi wake, Drew Perkins, aliivaa Juni 2022. Januari 2023 mradi ukasimamishwa kwa kukosa mtaji.

Betri ya machozi

Mwaka 2023, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, kilitangaza betri yenye unene wa nusu milimita. Imepakwa sukari aina ya glukosi inayofanya kazi pamoja na chumvi iliyomo kwenye maji. Ilitoa hadi mikrowati 201. Chaja ya simu ya wati 5 inatoa karibu mara 25,000 ya hapo, lakini kihisio kidogo hakihitaji zaidi. Majaribio yalifanyika kwa jicho la bandia, na betri ilivumilia chaji 200. Ukiichaji kila usiku, haifiki miezi saba.

(Usijaribu nyumbani. Maji ya bahari, ya bomba au ya chumvi ya jikoni hayafai kwa lenzi yoyote. Yanaweza kuwa na vijidudu vinavyoharibu jicho.)

Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha lenzi inayochanganya seli ndogo za jua na madini ya magnesiamu yanayotoa umeme kope zinapopepesa. Jua la pwani lingeitosha kabisa, lakini la mchana tu. Ukilala hakuna jua, na kope hazipepesi.

Ya Singapore nayo, ili ijae, inahitaji kulowekwa kwenye maji maalumu kwa saa nane, wakati mwenyewe umelala. Kwa hiyo saa zile ambazo presha hupanda, lenzi iko kwenye kikombe, haiko jichoni. Kati ya hizi zote, ni ile ya antena tu ambayo imeshatumika kupima usiku kucha.