Filamu Zilizofufuliwa na Mashabiki

Sehemu kubwa ya filamu zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1930 haipo tena duniani. Ripoti iliyotolewa mwaka 2013 na Maktaba ya Bunge la Marekani ilikadiria kuwa asilimia 70 hivi ya filamu ndefu za enzi ya sinema bubu nchini humo zimepotea kabisa. Sababu hazikuwa za siri. Mikanda ya wakati ule ilitengenezwa kwa nitrati, kemikali inayoshika moto upesi na kuendelea kuwaka hata ikizamishwa majini. Isipoungua huoza polepole, ikawa ya kunata, kisha ikabaki unga. Zaidi ya hayo, watengenezaji wenyewe waliihesabu filamu kuwa bidhaa ya msimu. Sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, sinema bubu zilikosa wanunuzi, na nyingi zikayeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo ndani yake. Zile zilizosalia, kwa kiasi kikubwa, zilisalia kwa sababu kulikuwa na watu wasio na mamlaka wala mtaji waliozipenda na kukataa zife.

Kisa cha Georges Méliès kinaonyesha jinsi usahaulifu ulivyokuwa wa haraka. Mfaransa huyu alitengeneza filamu zaidi ya 500 kuanzia mwaka 1896, ikiwamo ile maarufu ya safari ya mwezini ya mwaka 1902. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza nakala zake nyingi ziliyeyushwa, na malighafi yake ikatumika kutengenezea visigino vya viatu vya wanajeshi. Mwaka 1923, akiwa amefilisika na analazimika kuhama, yeye mwenyewe alichoma moto mikanda asilia aliyokuwa nayo. Baada ya hapo aliuza peremende na midoli kwenye kibanda katika kituo cha treni cha Montparnasse jijini Paris. Hapo ndipo Léon Druhot, mhariri wa gazeti la sinema, alipomtambua. Habari zikaenea, vijana wapenda filamu wakaanza kutafuta nakala zilizobaki, na Desemba 1929 Méliès akaalikwa kwenye usiku wa heshima katika ukumbi wa Salle Pleyel, ambako kazi zake zilionyeshwa tena mbele ya umati.

Vijana hao hawakutokea hewani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 Paris ilikuwa na klabu za filamu, na mhakiki Louis Delluc alikuwa miongoni mwa waliozichochea. Jijini London klabu ya namna hiyo, Film Society, ilianzishwa mwaka 1925. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: wanachama hulipa ada, hukodi filamu ambayo kumbi za biashara zimeitupa au serikali imeikataza, huitazama pamoja, kisha hujadiliana. Mazungumzo hayo ya baada ya filamu yalizaa karibu kila kitu kilichofuata, yaani uhakiki, majarida, na hatimaye hifadhi za taifa.

Mwaka 1936 Henri Langlois, kijana wa miaka 21, alianzisha Cinémathèque française akiwa na mwenzake Georges Franju. Mikanda mingine aliihifadhi kwenye beseni la kuogea nyumbani kwao. Wajerumani walipoitwaa Paris, yeye na wenzake walificha filamu zisiangukie mikononi mwa wavamizi. Baada ya vita alifungua ukumbi mdogo wa viti 60 hivi, ambako kila jioni zilipita filamu za nchi na za nyakati mbalimbali, sinema bubu ya Kirusi ikifuatana na filamu ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Mbele kabisa waliketi vijana kama François Truffaut, Jean-Luc Godard na Jacques Rivette. Hao ndio waliokuja kuandika kwamba Alfred Hitchcock na Howard Hawks, waliodharauliwa kama watumbuizaji tu, ni wasanii wa daraja la juu. Baadaye wao wenyewe wakawa waongozaji waliobadilisha sinema ya Ufaransa.

Langlois alikuwa na kasoro kubwa: hakupenda orodha wala mahesabu, na nakala kadhaa ziliharibika mikononi mwake. Mhifadhi mwenzake wa London, Ernest Lindgren, alishika msimamo wa kinyume, kwamba nakala ya pekee haipaswi kupitishwa kwenye projekta hata mara moja kabla haijanakiliwa. Kitaalamu Lindgren alikuwa sahihi, na hifadhi nyingi za leo zinafuata kanuni yake. Lakini filamu iliyofungiwa kabatini haizai shabiki, na filamu isiyo na shabiki haipati mtu wa kuilipia matengenezo. Februari 1968 serikali ya Ufaransa ilipomwondoa Langlois madarakani, waongozaji wa dunia nzima walitishia kuzuia filamu zao zisionyeshwe Cinémathèque, na wapenzi wa sinema wakaingia mitaani kukabiliana na polisi. Miezi miwili baadaye alirudishwa kazini.

Uingereza nayo ilikuwa na Kevin Brownlow, mvulana wa shule aliyekusanya filamu za kuonyeshwa nyumbani. Mwaka 1954 alipata mikanda miwili ya milimita 9.5 yenye vipande vya Napoléon, filamu ya Abel Gance ya mwaka 1927 iliyokuwa imekatwakatwa hadi ikapoteza sura. Vipande hivyo vilimtosha kujua kwamba kuna kitu kikubwa kimefichika. Kwa miaka 25 aliandika barua, alibisha hodi kwenye hifadhi za nchi nyingi na kuunganisha pande zilizotawanyika. Mwaka 1979 toleo lake lilionyeshwa nje, usiku wa baridi, katika mji wa milimani wa Telluride nchini Marekani. Gance, mwenye umri wa miaka 89, aliitazama kutoka dirishani mwa hoteli yake.

Wakati mwingine kitu kilichodhaniwa kimekufa hutokea mahali ambapo hakuna aliyewaza kutafuta. Mkanda asilia wa La Passion de Jeanne d'Arc, kazi ya Carl Theodor Dreyer ya mwaka 1928, uliungua jijini Berlin mwaka uleule. Mwongozaji alitengeneza toleo la pili kutokana na picha zilizobaki, nalo likaungua pia. Kwa zaidi ya nusu karne watu walitazama matoleo yaliyoharibiwa, mpaka mwaka 1981 nakala kamili ya toleo la kwanza ilipokutwa kabatini katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo, Norway.

Kisa cha Metropolis ni kirefu zaidi, na ndicho kinachoonyesha vizuri kazi ya klabu za filamu. Filamu hiyo ya Fritz Lang ilionyeshwa Berlin Januari 1927 ikiwa na urefu wa saa mbili na nusu hivi. Haikuvuta watu, ikakatwa, na robo yake ikahesabiwa imepotea milele. Kumbe kabla ya kukatwa msambazaji mmoja alikuwa amepeleka nakala nzima Argentina, ambako mhakiki Manuel Peña Rodríguez aliiweka kwenye mkusanyiko wake. Miaka mingi baadaye Salvador Sammaritano, aliyekuwa akiendesha klabu ya filamu jijini Buenos Aires, alisimulia adha aliyoipata siku alipoionyesha. Mkanda ulikuwa umenywea kwa uzee na ulicheza ndani ya projekta, hivyo ikambidi aushikilie kwa kidole kwa zaidi ya saa mbili. Aliyeisikia simulizi hiyo, mtafiti na mkusanyaji Fernando Martín Peña, alipiga hesabu: toleo linalojulikana duniani halifiki muda huo. Kwa miaka takribani 20 aliomba aruhusiwe kutafuta, bila mafanikio. Mwaka 2008 Paula Félix-Didier alipopewa uongozi wa makumbusho ya filamu ya jiji hilo, walifungua makopo pamoja na kukuta karibu dakika 25 zilizokosekana. Ilikuwa nakala ya milimita 16, yenye mikwaruzo mingi iliyonakiliwa pamoja na picha, lakini hadithi ilikuwa karibu imekamilika. Februari 2010 ilionyeshwa upya Berlin.

Kuna kupotea kwa aina nyingine, pale nakala ipo lakini hakuna anayeijali. It's a Wonderful Life ya Frank Capra (1946) haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 wenye hakimiliki hawakuihuisha, vituo vya televisheni vikaanza kuirusha kila Krismasi kwa kuwa haikuwa na malipo, na watazamaji wa sebuleni wakaifanya filamu ya sikukuu. Vertigo ya Hitchcock ilipokewa kwa ubaridi mwaka 1958 na baadaye iliondolewa sokoni kwa takribani miaka 10. Mwaka 2012 ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza katika kura ya wahakiki ambayo jarida la Sight and Sound huiendesha kila baada ya miaka 10.

India ina mfano wenye uchungu zaidi. Guru Dutt alitengeneza Kaagaz Ke Phool mwaka 1959, hadithi ya mwongozaji anayesahauliwa na tasnia aliyoitumikia. Watazamaji waliikataa, naye hakuweka tena jina lake kama mwongozaji mpaka alipofariki mwaka 1964. Kizazi kilichofuata ndicho kilichoitambua. Mwaka huohuo wa 1964 India ilianzisha hifadhi yake ya taifa ya filamu mjini Pune, na P. K. Nair akaijenga kwa kwenda mwenyewe vijijini na kwenye familia za watengenezaji. Aliokoa vipande vya Raja Harishchandra ya mwaka 1913. Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, hakuipata, na hadi leo haijaonekana.

Katika pwani ya Afrika Mashariki filamu za Kihindi zilitunzwa kwa namna tofauti, ndani ya kumbukumbu. Zanzibar na Dar es Salaam zilikuwa na kumbi nyingi, na onyesho la filamu ya Kihindi siku ya Jumapili lilikuwa tukio la familia nzima. Awaara ya Raj Kapoor (1951) na Mother India (1957) zilipendwa mno, na tuni za filamu za Kihindi zikaingia kwenye taarabu. Hata aliyekuwa hajui neno la Kihindi aliweza kumsimulia jirani kisa chote. Kumbukumbu ya namna hiyo ina thamani kubwa, ila haiwezi kurudisha picha ikiwa mkanda umeoza.

Hatari hiyo ndiyo inayoikabili sinema ya Kiafrika, kwa sababu mikanda asilia ya waongozaji wengi ilisafishwa na kubaki kwenye maabara za Ulaya. Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty (1973) ilikarabatiwa mwaka 2008 kupitia taasisi iliyoanzishwa na Martin Scorsese, na mwaka 2022 ilikuwa miongoni mwa filamu 100 bora za Sight and Sound. Mwaka 2017 taasisi hiyo, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika na UNESCO walianzisha mradi wa pamoja wa kuokoa urithi wa sinema ya bara hili. Miongoni mwa kazi za kwanza kukarabatiwa ilikuwa Soleil Ô ya Mmauritania Med Hondo, inayoeleza maisha ya mhamiaji Mwafrika jijini Paris. Hondo alifariki Machi 2019, akiwa ameishuhudia filamu yake ikipata watazamaji wapya.