Milipuko 441 ya Ghuba ya Mnazi

Ikisimuliwa historia ya uhifadhi wa bahari Mtwara, msimulizi huanzia mwaka 2000, serikali ilipotangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma: kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko na visiwa kama Namponda na Mongo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangulia mwaka 1995, chini ya sheria ya 1994. Mwanzo huo naukataa.

Ushahidi wangu ni makala ya mwaka 1997 ya Martin Guard na Mwajuma Masaiganah, inayosomwa na wanasayansi tu, tena wachache. Humo baruti za kuvulia samaki zimehesabiwa. Oktoba na Novemba 1996, Ghuba ya Mnazi peke yake ilipigwa milipuko 441, zaidi ya saba kwa siku.

Tuelewane baruti ni nini. Chupa hujazwa mbolea na mafuta ya taa, ikatiwa kiwashio na tambi, ikarushwa penye kundi la samaki. Wanaoelea huokotwa; wengi huzama, vibofu vyao vya hewa vimepasuka. Mama muuza samaki hadanganyiki: akibonyeza mnofu unabonyea, akimpasua samaki anakuta damu imevilia kandokando ya mfupa wa mgongo uliovunjika. Chini kule, tumbawe lililokua kwa miaka mingi limekuwa kokoto.

Nani alisimama kwanza? Wavuvi wenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland, wanavijiji wa pwani ya Mtwara na Lindi walisema yao mbele ya kamera ya video, na kanda zikaoneshwa kwa wavuvi wenzao na kwa viongozi. Hapo ndipo Shirikisho lilipozaliwa, umoja wa wavuvi wa kupinga baruti. Baadaye vyombo vya dola viliingia baharini, na milipuko ikapungua sana.

Wapo wanaosema bila dola Shirikisho lisingefua dafu. Hoja hiyo haina uzito kwangu: dola ilikuwapo miaka yote baruti zikilia. Kilichobadilika ni watu: walianza kuwataja wapiga baruti. Mpiga baruti mara nyingi hakuwa mgeni. Alikuwa mpwa wa mtu, jirani wa mtu, mwenye fedha za kuwakopesha wengine. Kumtaja kulikuwa kukata undugu.

Ndiyo maana nawasikiliza kwa makini wale wa kijiji cha Msimbati na vijiji vya jirani walioishuku hifadhi ilipokuja na masharti ya nyavu na maeneo. Hawakuwa adui wa bahari. Walikuwa wameilinda tayari, wakaona wanafundishwa upya kazi yao.

Uhifadhi wa bahari umetuzwa kwingine: hifadhi ya Chumbe, Zanzibar, ilipata tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa mwaka 2000, ikastahili. Iliyonigusa zaidi ni Tuzo ya Ikweta ya 2017 kwa Mikoko Pamoja, mradi wa kuhifadhi mikoko wa Gazi, Kenya, maana ilikwenda kwa wanakijiji wenyewe. Kwa Mtwara naomba kitu kidogo zaidi: palipoandikwa 2000 kama mwanzo, patanguliwe na wavuvi waliotaja majina ya wapiga baruti, kisha jioni wakarudi kulala nyumba ya pili kutoka kwao.