Njia Aliyoifungua Julie Manning Ilivyofika Hanang

Ndugu zangu wana Mbulu na Hanang,

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria. Julie Manning alipita hapo, akawa mwanamke wa kwanza nchini kusomea sheria. Wakati huo Hanang bado ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, na kwa binti wa kwetu chuo kikuu kilikuwa habari ya mbali sana.

Manning alianza kazi ofisi ya Mwanasheria Mkuu, akiandika miswada ya sheria. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua Waziri wa Sheria. Yeye na Mama Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza Tanzania kuwa mawaziri kamili.

Januari 2006 wizara hiyohiyo, sasa ikiitwa ya Katiba na Sheria, alikabidhiwa Dkt. Mary Nagu, wakati huo mbunge wetu wa Hanang. Kiti alichokalia Manning kikakaliwa na binti wa kwetu.

Mimi ni mhasibu, na hesabu huanza na salio la mwanzo. Salio la akina mama hawa lilikuwa nafasi ya kusoma. Darasa letu la saba, aliyeshika namba moja alikuwa msichana. Alifaulu, lakini sekondari ilikuwa mbali, bweni halikuwepo, na nyumbani hela ya kumpangishia chumba haikupatikana. Kabla mwaka haujaisha akaolewa. Mimi niliyekuwa nyuma yake ndiye ninayewaandikia leo. Sijui tulipoteza mwanasheria, jaji au waziri; najua tulipoteza.

Shule za kata sasa zipo, ila wapo mabinti wanaotembea saa nyingi kwenda na kurudi, mvua na baridi ya huku kwetu mnaijua. Michango ya mwaka huu ni ya bweni la wasichana. Anayeweza mifuko ya saruji alete, anayeweza bati alete, mwenye ng'ombe atoe ndama. Kila shilingi itaandikwa, na hesabu itasomwa mbele yenu.

Karibuni tuchange.