Gitaa na Solfa ni Ndugu: Historia Fupi ya Kodi Tatu



Kamati ya jubilei iliniomba niandike historia ya ala tunazotumia. Nimechagua gitaa, kwa sababu ndilo lililokaribia kutugawanya. Wazee wetu wanakumbuka. Kijana mmoja wa sauti ya tatu alipolileta mazoezini kwa mara ya kwanza, baadhi walisema hiyo ni ala ya dansi. Wengine waliogopa kwamba gitaa likiingia, solfa itatoka, na kwaya itasahau kusoma. Kijana alilirudisha nyumbani limefungwa kwa shuka.

Woga ule haukuzuka bure. Hapa Kenya, gitaa lilipata jina kupitia wanamuziki wa dansi na wa starehe: Fundi Konde, George Mukabi na mtindo wake wa omutibo kule magharibi, Fadhili William na wimbo wa Malaika. Solfa nayo ilikuja na wamisionari, ikafundishwa shuleni na kanisani. Basi watu wakaona gitaa ni la mtaani, solfa ni ya madhabahuni. Lakini tukifuata historia ya kila moja, tunakuta ni ndugu.

Tuanze na solfa. Katika karne ya 11, mtawa aitwaye Guido wa Arezzo, nchini Italia, alikuwa akifundisha waimbaji wa kanisa. Alichukua utenzi wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji, ambao mistari yake huanza kila mmoja juu kidogo kuliko uliotangulia. Kutoka mwanzo wa mistari hiyo akapata silabi ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na silabi ya saba ikaongezwa. Huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover wa Norwich aliunda njia ya kufundishia uimbaji kwa silabi hizo. Mchungaji John Curwen, ambaye mwaka 1841 aliombwa na walimu wa shule za Jumapili atafute njia rahisi ya kufundisha nyimbo, aliichukua akaiboresha. Ndiyo hiyo ya d, r, m na nukta zake tunayoiandika ubaoni mpaka leo.

Sasa gitaa. Mwaka 1606, mjini Firenze, Girolamo Montesardo alichapisha kitabu cha gitaa, wakati huo likiwa na jozi tano za nyuzi. Hakuandika kila sauti peke yake. Aliweka herufi moja kwa kila mkao wa vidole, yaani kwa kila kodi. (Nasema kodi ya gitaa, si ile ya mwenye nyumba.) Herufi yake A ilikuwa kodi tunayoiita leo G, B ilikuwa C, na C ilikuwa D. Hizo ndizo kodi tatu ambazo wanafunzi wetu wengi huanza nazo! Mwaka 1722, Jean-Philippe Rameau, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Clermont nchini Ufaransa, alichapisha kitabu kilichoeleza kanuni za kodi. Alionyesha kwamba kodi hubaki ile ile hata sauti iliyokuwa chini ikipanda juu.

Mimi sikulijua hilo kwa kitabu. Nililijua nikiwa darasa la saba, nimekaa benchi la nyuma, siku mwalimu wetu wa kwaya alipomwita yule kijana arudi na gitaa lake. Alimwambia, "Piga kodi ya G, lakini uzi mmoja mmoja." Kuanzia uzi mnene zikalia G, B, D, G, B, G. Kwa kuwa wimbo ulikuwa kwenye ufunguo wa G, mwalimu akaandika ubaoni: d, m, s, d, m, d. Nyuzi sita, sauti tatu tu. Kisha akawapa besi do, tena so, alto mi, soprano do ya juu. Sauti zilipotulia, akamwashiria kijana apige nyuzi zote pamoja. Gitaa likazama ndani ya kwaya kama sukari ndani ya chai. Mzee mmoja aliyekuwa amepinga sana akasema, "Kumbe huyu kijana ameshika kwaya nzima mkononi!"

Somo la siku ile ni hili. Do, mi, so ni kodi ya do. Fa, la, do ni kodi ya fa. So, ti, re ni kodi ya so. Zihesabuni: silabi zote saba zimo. Ndiyo maana nyimbo nyingi hubebwa na kodi tatu tu, kwa kuwa kila sauti ya wimbo ina kodi ya kuikaribisha. Kwenye ufunguo wa G kodi hizo ni G, C na D. Kwenye C ni C, F na G. Kwenye D ni D, G na A. Ukishusha sauti ya katikati ya kodi kwa freti moja, ile kodi kubwa yenye furaha inakuwa kodi ndogo yenye huzuni.

Wapendwa, leo hatari imegeuka. Vijana wetu wanajifunza kodi kwa picha za simu. Vidole vinaijua G, lakini wao hawajui kwamba ni do. Soprano wakiwa na mafua na wimbo ukishushwa hadi F, gitaa linanyamaza.

Kuna jambo zito zaidi. Katika sanduku la katibu zimo nyimbo zilizotungwa na wanakwaya waliotutangulia, baadhi yao tumekwisha kuwazika. Zimeandikwa kwa solfa peke yake. Hazikurekodiwa, na karatasi nyingine zimeanza kuliwa na mchwa. Siku atakapokosekana wa kuzisoma, zitazikwa mara ya pili pamoja na wenyewe.

Kwa hiyo baada ya jubilei, kila Jumamosi mazoezi yakiisha, tutakuwa na darasa la gitaa na solfa kwa pamoja. Vijana, leteni magitaa. Wazee, njooni mtuonyeshe mlivyokuwa mkisoma. Tutaanza na karatasi iliyo juu kabisa sandukuni.

Jubilei njema.

Katibu wa Kwaya