Ufa wa baiti 24: kwa nini hata funksheni ndogo inahitaji testi

Wasee wengi wanaoandika programu hapa kwetu huona testi ni kazi ya ziada. Funksheni imefanya kazi mara moja, basi, twende mbele. Mimi napinga. Historia ya lugha ya C inatuonyesha hasara ambayo wengine walishaipata, na sisi tunaweza kujifunza bure.

C ilizaliwa Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Dennis Ritchie. Maktaba yake ina funksheni fupi fupi: hii inapima urefu wa maandishi, ile inanakili, nyingine inasoma mstari mmoja. Hiyo ya kusoma mstari ni gets. Unaionyesha mahali kwenye memori, nayo inajaza mpaka mstari uishe. Shida ni moja tu: hakuna pa kuiambia nafasi yako ni kubwa kiasi gani. Umetenga baiti 512, mtu akatuma 536? Zile 24 zinamwagikia vitu vya jirani.

Na usidhani namba hizo nimezitoa kichwani. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachilia mnyoo kwenye intaneti. Njia mojawapo ya kuingilia ilikuwa programu iitwayo fingerd, iliyosoma kwa gets ikiwa na bafa ya baiti 512. Mnyoo ulituma 536. Ziada ile ikafuta anwani ambayo programu ingerudi baada ya kazi, ikaweka nyingine, na kompyuta ikaanza kumtii mgeni. Inakadiriwa kompyuta kama 6,000 ziliathirika, wakati intaneti nzima ilikuwa na 60,000 hivi.

Sasa, testi gani ingeikamata gets? Rahisi tu. Tenga baiti 32. Jifanye 8 za kwanza ndizo bafa, zilizobaki zijaze alama unayoijua. Ipe gets herufi 20, halafu angalia zile alama. Zimefutwa. Ongeza bafa hadi 16, ipe herufi 25, zitafutwa tena. Huwezi kuirekebisha ndani ikapita, kwa sababu kosa liko kwenye umbo lenyewe la funksheni. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya testi: mara nyingine haikwambii "rekebisha", inakwambia "tupa". Lakini gets iliondolewa rasmi kwenye kiwango cha C11, mwaka 2011. Miaka 23 baada ya mnyoo!

Cha ajabu, msimu ule ule wa 1988, Profesa Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa ameunganisha kompyuta yake ya nyumbani na ya chuo kwa laini ya simu. Nje kulikuwa na dhoruba. Kelele za laini zikaingiza herufi za ovyo, na programu za kawaida za Unix zikaanza kuanguka. Akawapa wanafunzi wake kazi: andikeni kifaa cha kurushia programu takataka makusudi. Matokeo yalichapishwa 1990. Kwenye kila aina ya Unix waliyojaribu, kati ya robo na theluthi ya programu zilianguka au kukwama. Hizi zilikuwa programu ambazo watu walizitumia kila siku na kuziamini.

Kuna kisa kingine kinachouma kwa njia tofauti. memcpy inanakili memori, na sharti lake liko wazi: unakotoa na unakopeleka visipishane. Vikipishana, tumia memmove. Watu walipuuza sharti hilo miaka mingi na mambo yakaenda sawa, kwa bahati. Mwaka 2010 maktaba ya glibc ikabadilisha memcpy ili iwe na kasi zaidi kwenye baadhi ya prosesa, ikawa inanakili kutoka nyuma. Watumiaji wa Fedora wakasikia sauti ya Adobe Flash ikikwaruza. "Inafanya kazi kwangu" haikuwa ushahidi wa chochote. Testi inafaa ipime ahadi ya funksheni, si bahati yako ya leo.

Kuna waliojifunza. SQLite, hifadhidata iliyoandikwa kwa C na ambayo imo ndani ya kila simu ya Android, ina testi zinazozidi programu yenyewe zaidi ya mara 500. Kuna testi zinazofanya ombi la kwanza la memori likataliwe, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka kazi ipite bila kukataliwa, kuona kama programu itaanguka kwa heshima au itaharibu data yako.

Mimi na wewe hatuhitaji mara 500. Kwa kila funksheni inayogusa memori, ipe kitu kitupu, ipe kinachojaa kabisa, ipe kilichozidi kwa baiti moja, kisha inyime memori. Ni testi nne, dakika kumi hivi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa 1988 ulianzia kwenye ufa wa baiti 24.