Kutoka Kipande Hadi Wasifukazi: Nani Alikuandikia Kitenzi Chako?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana. Leo siandiki kuhusu programu mpya wala simu mpya. Naandika kuhusu vitenzi. Ndiyo, vile vitenzi tulivyochapwa kwa ajili yake shule ya msingi. Nivumilie kidogo, kompyuta itakuja.

Disemba nilikuwa nyumbani, pande za Kabuchai, kaunti ya Bungoma. Ukiwa mtu wa kompyuta kijijini, watu hawajui kabisa unachofanya Nairobi, lakini wanajua unaweza mambo mawili: kufufua simu iliyoanguka majini na kuandika sivii. Siku ya soko la Chwele kijana mmoja wa jirani akanijia nyumbani na flashi. Alikuwa ameona tangazo la kazi ya fundi wa mitambo Kitale, na siku ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa kesho yake.

Nikafungua wasifukazi wake. Sehemu ya uzoefu ilikuwa na mistari mitatu. Niliajiriwa kama msaidizi katika mashine ya posho. Nilipewa majukumu mbalimbali. Nilihusika na mashine.

Nikamuuliza, "Sasa ndugu yangu, pale kwenye mashine ulikuwa unafanya nini hasa?"

Akacheka. "Kaka, ile mashine ilikuwa inazima kila wiki. Fundi wa mjini alikuwa anakuja, anakula pesa, anaenda. Siku moja nikaifungua mwenyewe. Nikapata beringi imeliwa. Nikapima, nikanunua nyingine, nikafunga. Mwaka mzima haikuzima tena."

Hebu hesabu vitenzi hivyo: nikaifungua, nikapata, nikapima, nikanunua, nikafunga. Vitano katika pumzi moja, na hakuna hata kimoja kilichofika kwenye karatasi!

Baba yangu alikuwa ameketi karibu, redio yake mkononi. Akasema bila kugeuka, "Hata kipande ya baba yangu ilikuwa namna hiyo. Imeandika mzungu wa nani, shilingi ngapi, basi."

Maneno hayo yamenikaa kichwani tangu siku hiyo, na ndiyo sababu ya makala haya.

Wasomaji vijana wanajua kipande kama jina la mtaani la kitambulisho. Askari akikuambia utoe kipande, unatoa kadi. Lakini kipande cha kwanza kilikuwa kitu kingine. Sheria yake ilipitishwa na serikali ya kikoloni ya Kenya mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa nacho. Ilikuwa karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na rekodi ya kazi zake: mwajiri ni nani, ameanza lini, mshahara gani, ameondoka lini. Wengi waliibeba ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba.

Mtu wa programu akiitazama anaona hifadhidata. Alama za vidole ndizo zilizokuwa ufunguo wa kila rekodi, na nakala zilitunzwa Nairobi. Aliyetoroka shamba moja aliweza kutafutwa kwa vidole vyake, kwa sababu kuondoka kabla mwajiri hajatia sahihi lilikuwa kosa la jinai. Mfumo haukujengwa kumsaidia mfanyakazi kueleza anachojua. Ulijengwa kumsaidia mwajiri kujua mtu wake yuko wapi.

Sasa tuje kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengine wao wakiwa askari waliotoka vitani. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mashamba ya mahindi yalihitaji mikono, na mikono mingi ilitoka upande huu wetu wa Bungoma. Kuka yangu, yaani baba wa baba yangu, alikuwa mmoja wao. Leo ukipanda matatu Chwele, unapitia Kimilili na Kamukuywa, unafika Kitale hata hujamaliza mazungumzo. Yeye alitembea kwa miguu, na kikopo shingoni.

Angalia jambo moja kuhusu karatasi ile. Haikuwa na nafasi ya kitenzi cha mfanyakazi. Anayeajiri ni mzungu, anayelipa ni mzungu, anayeruhusu kuondoka ni mzungu. Mwafrika aliajiriwa, alilipwa, aliruhusiwa. Katika sarufi tunaita hiyo kauli ya kutendwa. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika hali ilikuwa hiyo hiyo au mbaya zaidi: kipande cha huko kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Siku imefanyika, alama imewekwa. Umekata mkonge kiasi gani, umemfundisha nani, umevumbua njia gani ya kufunga mizigo, hayo kadi haikuwa na habari nayo.

Watu hawakukaa kimya. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake mwaka 1921. Thuku alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 mwezi huo umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu watu 21 waliokufa. Sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote ilikuja mwaka 1947. Jina kipande likabaki mdomoni hadi leo.

Ila nadhani kuna kingine kilichobaki nasi, nacho ni sarufi yake. Kwa miaka mingi, karatasi ya kazi ilikuwa kitu kinachoandikwa na mwingine juu yako. Waliofanya kazi za nyumbani na ofisini nao walitembea na barua za mabwana zao, vyeti vya tabia njema. Tunavitunza vyeti hadi leo, ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro. Halafu siku tunapoambiwa tujiandikie wenyewe, tunajiandikia kama vile mwajiri wa zamani angetuandikia: niliajiriwa, nilipewa, nilitumwa, nilikuwa chini ya.

Mila ya mtu kujieleza mwenyewe mbele ya mwajiri iko pia, nayo ni ya zamani. Mfano unaotajwa sana ni wa Leonardo da Vinci. Karibu mwaka 1482, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, akiomba kazi. Leo tunamjua kwa picha ya Mona Lisa, lakini barua ile ina hoja kumi na nyingi ni za vita: kujenga madaraja mepesi ya kubebeka, kukausha mahandaki ya maji, kuchimba njia chini ya ardhi, kutengeneza mizinga na magari yaliyofunikwa. Uchoraji aliutaja mwishoni, kwenye mambo ya wakati wa amani. Alijua mwenye kusoma ana shida gani, akachagua vitenzi vya shida hiyo. Tazama tofauti: yeye alijieleza mwenyewe, kuka yangu alielezwa na mwingine.

Nirudi kwenye kompyuta kama nilivyoahidi. Usiku ule niliandika programu ndogo ya mistari kama ishirini. Kazi yake ilikuwa kusoma wasifukazi wa Kiswahili na kunionyesha kila neno linaloanza na nili- na kuishia na -wa, nione kauli ya kutendwa iko mara ngapi. Niliijaribu kwanza kwa wasifukazi wangu wa zamani nilioandika nikitoka chuo. Ikanipa maneno kumi na moja! Nikajitetea kwamba ina kasoro, maana ilikuwa imekamata hata "nilikuwa", na kuwa si kauli ya kutendwa. Kasoro hiyo sikuirekebisha. Sentensi zangu zote zenye "nilikuwa" zilikuwa dhaifu vilevile: nilikuwa msimamizi wa, nilikuwa mhusika wa, nilikuwa miongoni mwa.

Kiswahili kimetupa dawa ambayo Kiingereza hakina, nayo ni mnyambuliko. Tuliimba kauli hizi darasani bila kujua zina faida. Chukua gharama zilipungua. Nani alizipunguza? Kama ni wewe, sema nilipunguza. Mashine iliwaka, wewe uliiwasha. Wateja walirudi, wewe uliwarudisha. Wenzako walielewa mfumo mpya, wewe uliwaelewesha. Ile kauli ya kutendesha ndiyo inayosema kulikuwa na mtu aliyesababisha jambo. Hata kama wasifukazi wako utakuwa wa Kiingereza, kama ilivyo kwa wengi wetu Kenya, andika kwanza kwa Kiswahili. Ukishapata kitenzi cha kweli, tafsiri.

Kuna na vile vitenzi vya ukungu: nilishughulikia, nilihusika, nilisaidia, nilifanya. Si makosa ya lugha, ila havionyeshi picha yoyote. Nilipouliza "ulihusika vipi?" kijana wangu alitoa vitenzi vitano bila kufikiri. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: msomaji afumbe macho, aone mikono yako inafanya nini. Nilifungua beringi, anaona. Nilihusika na mashine, haoni kitu.

Wengine wataniuliza kuhusu programu za kuchuja maombi, zile zinazotumiwa na kampuni kubwa kabla binadamu hajasoma. Ni kweli zipo. Kwa kawaida zinatoa maandishi kwenye faili, zinajaribu kutambua sehemu za elimu na uzoefu, kisha zinalinganisha maneno na tangazo la kazi. Kwa hiyo kama tangazo linasema kukarabati, na wewe ulikarabati, tumia neno hilo hilo. Usitume picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, maana programu nyingine haitaona neno hata moja. Lakini usidanganyike kwamba kuna kitenzi cha uchawi kinachofungua mlango. Mashine inatafuta hasa ujuzi na majina ya kazi. Kitenzi kinamngoja binadamu atakayesoma baadaye.

Na hapa ndipo penye hatari. Mtandaoni kuna orodha ndefu za vitenzi vizito vya kunakili: niliongoza, nilibuni, nilileta mapinduzi. Nimewahi kukaa kwenye meza ya kuhoji watu. Mtu ameandika alibuni mfumo mzima wa malipo. Swali la kwanza: data ulizihifadhi namna gani? Kimya. Ukweli ni kwamba alikuwa ameandika ripoti za mfumo ule, na ripoti nzuri kabisa. Tungemchukua kwa ripoti. Tulimkosa kwa kitenzi alichoazima. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Kipande kilimpunguza mtu. Orodha ya kunakili inamvimbisha. Vyote viwili vinamficha.

Basi usiku ule tulifuta mistari mitatu ya kijana, tukaweka mingine mitatu:

Niligundua chanzo cha mashine kuzima kila wiki. Nilibadilisha beringi namba 6205 na kupanga upya mkanda. Niliendesha mashine mwaka mmoja bila kuita fundi wa nje.

Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Kaka, hii si kujisifu?" Nikamwambia kujisifu ni kusema usichofanya. Hiki ulikifanya. Akaituma asubuhi, zikiwa zimebaki saa chache.

Januari aliitwa Kitale. Anasema walimuuliza maswali mawili tu ya maana. La kwanza, kwa nini namba 6205? Akaeleza kipenyo cha shafti. La pili, ulijuaje ni beringi na si mkanda? Akaeleza sauti. Sasa yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Kazi ya kudumu bado hajapewa, na sitaki kuwadanganya kwamba sentensi tatu zinatosha. Zilimfikisha mezani, huko mezani akajitetea mwenyewe.

Kabla sijarudi Nairobi nilimuuliza baba: kuka yangu alikuwa anafanya nini kule shambani Trans Nzoia? Kipande chake kilipotea zamani, na hata kingekuwepo kisingetuambia. Baba akafikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Alifuga ng'ombe wa kulima. Aliwafundisha kuvuta jembe, na hawa wa mwitu wote walikuwa wanaletwa kwake. Alitengeneza nira mwenyewe. Alifundisha vijana kushika mistari inyooke." Akanyamaza kidogo. "Na alinunua ng'ombe wetu wa kwanza kwa pesa hiyo."

Nimeyaandika yote kwenye faili moja, vitenzi vyake vikiwa vya kutenda. Leo jioni muulize mzee wako alikuwa anafanya nini, umwandikie na yeye. Kisha fungua wasifukazi wako utafute -wa.

Tukutane makala ijayo, nitawaletea ile programu yenyewe, kasoro na yote.